Nilivyofiwa na Malkia Nurayna katikati ya Kariakoo

Msicheke kwanza, subirini nifike mwisho, maana aibu niliyoipata mimi Kariakoo mpaka leo nikipita kwenye ile korido ya maduka yetu kuna watu wananiita "mfiwa", na mimi naitika, nifanyeje sasa.

Nauza vitasa na kufuli kwenye fremu ndogo, na jirani yangu ni Mangi, mtu wa Kilimanjaro, anauza masufuria. Wote mnanijua kwa hilo. Msichojua ni kwamba nina ugonjwa wa kusoma riwaya za mapenzi, tena siyo haya mapenzi yetu ya mtaani, hapana, ya falme na uchawi, watu wanapendana huku wanatafutana roho. Kuna dada anaziandika na kuzituma kipande kipande kwenye kundi letu la wasomaji kwenye simu. Simjui, sijawahi kumwona, lakini yule dada Mungu kampa! Malkia wake, Nurayna, ni binti wa mfinyanzi aliyeolewa na mfalme, na ana kipaji: ukimdanganya, maji aliyoshika yanageuka chumvi. Sasa mtu wa namna hiyo umuweke kwenye jumba ambalo kila mtu anasema uongo, kuanzia mpishi mpaka mama mkwe! Binti wa watu kutwa anakunywa chumvi na kutabasamu. Nikifika hapo nilikuwa naweka simu chini kwanza, navuta pumzi.

Siku hiyo kipande kipya kikaingia asubuhi, wateja bado hawajachanganya, nikasema nichungulie kidogo tu. (Hicho "kidogo tu" ndicho kilichonimaliza.) Nurayna akafa. Kililetwa kikombe cha mfalme, yeye akajua kina sumu, akajua na aliyeiweka, na akajua kwamba akisema, mumewe hatamwamini dhidi ya mama yake mzazi, basi akakichukua kama mtu mwenye kiu yake, akanywa. Jamani! Mimi mwanaume mzima na ndevu zangu nikalalia kaunta nikalia kwa sauti.

Mangi akaja mbio. "Sele! Nani kafariki?"

Ningesema ni hadithi yangeishia hapo hapo. Lakini nikamwangalia Mangi, ambaye kila siku ananitania kwamba sisi wanaume wa pwani tumelainika, nikaona bora nife kuliko kumwambia namlilia malkia. Nikasema, "Nurayna." Akauliza, "Ndugu yako?" Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa nyie Kariakoo mnaijua. Watu wanagombania mteja mpaka wanashikana mashati, ila taja msiba uone. Mangi akashusha mlango wa duka lake, mama wa vitenge wa fremu ya mbele akatandika mkeka kwenye korido, mtu akaleta katoni ya maji, mwingine akazima spika iliyokuwa inaita wateja, korido nzima kimya kwa ajili yangu, na kila nikifungua mdomo niseme ukweli mtu ananikumbatia, "Jikaze, Sele, kazi ya Mungu." Niliwapenda mno siku ile, na nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha Mangi, kwa wema wake, akampigia simu Zuhura. Huyu ndiye niliyempelekea posa, na kwao walikuwa hawajajibu. Akaja kutoka Buguruni na mama yake, mama kajitanda khanga, analia tangu mwanzo wa korido. Zuhura halii. Ananiangalia tu, maana ndugu zangu wote anawajua kwa majina.

"Nurayna ni nani kwako?" akaninong'oneza, na kwa sauti ile nikajua mke nimemkosa.

Sijajibu, mama yake kakaa karibu yangu. "Alikuwa anaumwa, baba?"

"Sumu, mama."

"Yarabi! Ana mume?"

"Anaye."

"Anafanya kazi gani?"

"Ana... ana watu wengi chini yake."

"Na hiyo sumu kaiweka nani?"

Mdomo ukatangulia akili. "Mama mkwe wake."

Korido nzima ikamgeukia mkwe wangu mtarajiwa. Mama wa watu akasimama, akakaza khanga kiunoni. "Twende polisi sasa hivi! Wanawake kama hao ndio wanatuharibia jina!"

Ikabidi. Nikampa Zuhura simu, akasoma, akasoma, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mama, kaa chini. Ni hadithi."

"Nimefunga duka kwa ajili ya hadithi?" Mangi akauliza, taratibu kabisa.

"Shikamoo, mama," nikasema. (Nilikuwa nimeshamwamkia, ila sikuwa na neno lingine.) Mkwe akaketi tena mkekani.

"Hadithi ndiyo ikulize hivyo? Haya, isome tuisikie. Isiponiliza na mimi, posa yenu mje muichukue."

Nikasoma, nimesimama mbele ya mkeka wa msiba niliouzua mwenyewe. Mwanzoni walicheka. Nikafika pale Nurayna anaposhika kikombe, anamwangalia mumewe, anamwambia, "Leo nina kiu kukushinda." Hakuna aliyecheka tena. Mama wa vitenge akavuta kamasi, Mangi akageuka akaanza kupanga masufuria ambayo yalikuwa yamepangika, na mkwe wangu khanga ikapanda mpaka usoni. Yule dada hayupo, hatumjui, na kwa maneno matupu kawaliza wafanyabiashara wa Kariakoo mchana kweupe! Nilijivunia kana kwamba nimeandika mimi.

Nilipomaliza, Zuhura akaniuliza mbele ya wote, "Na kikiletwa kikombe changu kina sumu, wewe utakunywa?"

"Nitakimwaga, Zuhura. Sasa tufe ili iweje?"

Mama yake akafuta macho. "Huyu ana akili," akasema. "Waambie wazee wako waje Ijumaa."

Kwa hiyo mke nimepata, lakini nimeapa, dukani sisomi tena, na nikiulizwa nani kafariki nasema ukweli kabla mkeka haujatandikwa. Kinachonisumbua sasa ni mkwe. Kila jioni anapiga simu, salamu hataki, anataka kujua yule mama mkwe ameshakamatwa au bado.