Fundi Asiyekata Tena Cheni kwa Macho

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na Darryl Pengelly hasubiri mtu amsute. Anajisuta mwenyewe, huku mikono ikiendelea na kazi.

Ni saa moja na robo asubuhi mjini Bright, jimbo la Victoria. Mlango wa banda lake ameufungua nusu, ili baridi ya mlimani iingie kwa awamu. Juu ya taulo kuukuu la jikoni amepanga sproketi kumi na moja, yale magurudumu ya meno yanayovutwa na cheni, kuanzia ndogo kama kifuniko cha chupa ya jemu hadi kubwa kama kisosi.

"Wengi wanakuja hapa na baiskeli zilizonunuliwa na kiburi chao," anasema. "Miguu yao haikuulizwa."

Darryl, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, anabadilisha gia za baiskeli za mbio. Baiskeli hizo hutoka dukani na gia za kijana wa mashindano, lakini wanaozinunua ni walimu wastaafu na mafundi bomba wenye vitambi. Yeye husaga riveti zinazoshikilia sproketi za nyuma, akazitenganisha, kisha akachanganya za seti mbili au tatu mpaka ipatikane seti moja inayomfaa mwenye miguu.

Ile ya meno kumi na moja, ambayo mtu mzima huihitaji akiwa anateremka tu, huitupa kwenye kopo la maziwa ya unga. Nafasi yake huipa gia nyepesi ya kupandia.

Hagusi baiskeli kabla hajamwona mwenyewe akipanda barabara ya mlimani ya Tawonga Gap. Humfuata nyuma kwa pikapu, dirisha wazi, saa ya marehemu mama yake mkononi, akihesabu kwa sauti mizunguko ya pedali.

"Ukishuka chini ya sitini kwa dakika, huendeshi baiskeli tena," anasema. "Unahamisha kabati."

Hakuzaliwa fundi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akinyoa kondoo, mpaka mgongo ulipomkatalia akiwa na kondoo katikati ya magoti. "Yule kondoo alisimama akaondoka na nusu koti. Mimi sikusimama kwa siku nne." Baiskeli alizichagua kwa sababu moja tu: unaweza kuitundika kwenye stendi na kuifanyia kazi bila kuinama.

Kazi moja humlipa dola mia moja na arobaini. Wiki nzuri hupata kazi sita. Wiki ya mvua hupata mafua.

Ujinga wake ulitokea mwezi Februari, na aliyeulipia ni Glenys Tormey, mkunga mstaafu ambaye nusu ya vijana wa bonde hili walipita mikononi mwake.

Glenys alikuwa anatimiza miaka sabini tarehe tisa Machi. Alitaka siku hiyo apande kutoka Harrietville hadi kilele cha Hotham, kilomita thelathini, bila kuweka mguu chini. Alishajaribu mara mbili, na mara zote mbili alishindwa kwenye kona wanayoiita Meg, ambapo barabara huinuka ghafla. Jaribio la nne halingekuwepo. Daktari alimwambia wazi kwamba goti lake la kulia limebakiza msimu mmoja wa milima.

Kuna pia ubao. Umetundikwa bandani kwa Darryl, na juu yake huandikwa jina la kila mwanachama wa kundi lao la Jumatano aliyefika Hotham bila kukanyaga lami. Glenys ameutazama ubao huo kwa miaka kumi na minne akinywa chai.

Darryl alimtengenezea seti ya meno kumi na manne hadi thelathini na sita. Mkono wa gia, kile kidude cha nyuma kinachoivuta cheni, akauweka mrefu zaidi. Ikabaki kukata cheni mpya.

Cheni hupimwa kwa kuizungusha kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja, kisha unaongeza pingili mbili. Hata anayejifunza huanza na hilo. Lakini asubuhi ile Renzo Balduzzi alikuwa amekaa juu ya kreti ya bia akichonga mdomo.

Renzo ana miaka sitini na sita, mtoto wa wakulima wa tumbaku, na bado anaendesha gia alizoendesha akiwa na nywele. "Hiyo ni sproketi au sahani ya tambi?" aliuliza. "Muwekee na uma kabisa."

Darryl akageuka kumjibu. "Nikakata cheni kwa macho," anasema, "na macho yenyewe yalikuwa kwa Renzo."

Bandani kila kitu kilizunguka vizuri. Hakujaribu kubwa na kubwa, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayeiweka hivyo. Ila mtu aliyechoka hachagui. Siku kumi na moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa, chini ya Tawonga Gap, Glenys alisukuma gia zote, ya mbele na ya nyuma, hadi kwenye kubwa kwa mpigo. Cheni ile fupi ikafika mwisho wa urefu wake, ikaung'oa mkono wa gia na kuutupa ndani ya spoku. Gurudumu likagoma. Glenys akaanguka kwenye majani, kwa bahati upande wa goti zima.

Aliibeba baiskeli begani mpaka bandani, akailaza juu ya meza, juu ya kifungua kinywa cha fundi.

"Darryl, nimekata vitovu zaidi ya elfu moja," alimwambia. "Hakuna hata kimoja nilichokata kwa kukisia."

"Glenys, sina la kusema."

"Vizuri. Usiseme. Pima."

Alimpa pia sharti: siku ya kupanda, Darryl aje nyuma yake kwa baiskeli, siyo kwa pikapu. "Ikiharibika tena, nataka uwe karibu nikurushie."

Darryl alikuwa hajapanda mlima kwa miaka sita. Alinyoosha fremu pale palipopinda, akafunga gurudumu jipya na mkono mpya wa gia kwa gharama yake, na akapima cheni mara tatu, Glenys mwenyewe akiwa ameshika ncha moja. Tangu siku hiyo ndiyo sheria ya banda: mteja asiposhika ncha, cheni haikatwi.

Tarehe tisa watu kumi na wawili, Renzo akiwamo, waliondoka Harrietville saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pale Meg, Glenys aliingiza meno thelathini na sita na kuendelea kupanda. Darryl, nyuma yake akipumua kama mvukuto, alihesabu mizunguko sitini na minne kwa dakika.

Walimpita Renzo. Alikuwa anasukuma baiskeli yake, vyuma vya viatu vikigonga lami ko, ko, ko. Alijifanya amesimama kutazama mandhari.

"Kulikuwa na ukungu," anasema Darryl. "Hata mimi simwoni, yeye anaona mandhari."

Saa nne na dakika kumi Glenys alifika kileleni. Hakuwa amekanyaga lami popote. Darryl alifika baadaye, na alikanyaga mara mbili.

Sasa anataka kujitengenezea seti ya meno thelathini na sita kabla theluji haijafunga barabara, ili mwakani aufikie ubao wake mwenyewe. Anataka pia kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi awafundishe watu bure kupima cheni. Wameshajiandikisha tisa.

Glenys ameingia kunywa chai na kuona jina lake likiandikwa. Mwenye mwandiko mzuri kundini ni Renzo, kwa hiyo brashi iko kwake, na hana haraka nayo.

"Nitaweka kinyota pembeni," anasema Renzo. "Watu wajue alipanda kwa sahani ya tambi."

"Andika, mzee, rangi inakauka," anasema Darryl.

"Haki ni haki. Kwa gia kama zile hata marehemu nyanya yangu angefika."

Glenys anaweka kikombe chini.

"Renzo, gia yangu ya mwisho ina meno thelathini na sita. Yako ya mwisho ni viatu."