Karatasi za Gelasius

Pale Mpanda mjini, Marsela, mchapaji wa kadi, huchagua karatasi ngumu za kadi kwa shavu. Huisugua kila moja usoni taratibu. Ikimkwaruza huirudisha, maana karatasi yenye vinundu haishiki rangi ya dhahabu inayobandikwa kwa moto kutoka kwenye utando wa plastiki.

Pudensiana alipofika kutoka Usevya na bunda lake la karatasi, Marsela hakuhitaji hata shavu.

"Dada, hii inakwaruza kama pumba za mpunga. Chukua yangu laini, nakupa bure."

"Hii aliinunua Gelasius."

Gelasius alikuwa mumewe. Walikuwa wameishi pamoja mpaka watoto wakakua, ndipo wakakubaliana kwenda kubariki ndoa kanisani, naye akawahi kununua karatasi za mwaliko.

"Nilimcheka," alisema Pudensiana. "Nikamwambia, bwana harusi mzee wewe, unanunua kadi hata viatu huna!"

Gelasius alifariki kabla ya mavuno, ndoa haijabarikiwa. Sasa zilitakiwa kadi za misa ya kumwombea, kwenye karatasi zile zile.

Marsela aliongeza moto, akakandamiza mashine kwa nguvu zake zote. Alipobandua plastiki, dhahabu ilikuwa imeshika juu ya vinundu tu, na jina la Gelasius likawa vipande vipande. Akajaribu upande wa pili. Mambo yakawa yale yale.

Pudensiana alipitisha kidole juu ya jina.

"Endelea hivi hivi, dada. Waliomjua watalisoma."

Marsela akaendelea. Mjane akawa anazipokea kadi zingali na joto, kila moja akiiweka kwanza shavuni. Zilimkwaruza, wala hakuharakisha kuziondoa.