Mtaro Uliopita Jikoni Kwangu

Mvua za miaka ile zilikuja na hasira ambayo hata wazazi wetu hawakuijua. Buterere, mtaa wetu, ni bonde, na mashamba ya mpunga yakijaa, maji yanakuingilia ndani bila hodi. Komini, yaani serikali ya mtaa, ilipotaka kuchimba mtaro mkubwa, ikasema wananchi wenyewe wapange utapita wapi. Tukaitana wote: wakulima, Waislamu wenye maduka, wanawake wafinyanzi, hata Wakongomani waliopanga vyumba. Vita vilikuwa vimetufundisha kuogopana, lakini siku ile tulibishana kama ndugu. Niliwapenda watu wale, jamani.

Tukakubaliana mtaro upite ukingoni mwa shamba la jirani yangu, usibomoe nyumba ya mtu. Jirani huyo ndiye aliyemsimamia binti yangu kwenye ubatizo. Alikubali mbele ya wote, nasi tukamchagua atusemee komini. Pombe ya mtama ikaletwa, tukaivuta kwa mirija kutoka chungu kimoja, Waislamu wakapewa Fanta. Kwetu neno likishanywewa limekwisha. Kumtuma mtu wa pili aende naye kungekuwa kumtukana, kwa hiyo akaenda peke yake. Wajinga ndio waliwao!

Kisha risasi zikaanza upande wetu. Nikakimbilia Ruziba kwa dada yangu, na ni jirani huyohuyo aliyenibebea godoro kwa baiskeli yake mpaka mlangoni. Akaahidi kuniangalizia nyumba. Nilimwombea kwa Mungu kila siku, mjinga mimi.

Palipotulia nikarudi. Mtaro ulikuwa umeshachimbwa. Shamba lake lilikuwa zima, mahindi yamesimama. Nyumba yangu haikuwepo, na maji yalikuwa yanapita pale nilipokuwa nikipikia. Mama mmoja mfinyanzi alinieleza huku akilia. Msemaji wetu aliwaonyesha komini njia ya kupita kwangu badala ya shambani kwake, na walipouliza ile nyumba ni ya nani, alijibu kwamba wenyewe wamekimbia na hawatarudi. Wenzetu walikuwa pale, wakasikia, wakanyamaza. Kila mmoja alishukuru kwamba si kwake.

Jirani nilimkuta anapalilia. Hakuinua kichwa.

"Mi nilijua hamurudi tena," alisema.

"We mwenyewe ulinifikisha Ruziba. Ungekuja kuniuliza."

"Apana. Wakati wa vita mutu haulizi."

Akaendelea na jembe lake. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utoto, na bado nilimpa mtu huyu mtoto wangu amshike kanisani. Sikumtukana. Nilitaka, lakini niligeuka nikaondoka.

Sasa napanga chumba Carama. Na ule mtaro, niseme kweli, unafanya kazi yake. Mvua ikipiga, Buterere wanalala pakavu, wale wote niliokunywa nao. Wakinikuta sokoni wananishika mkono kwa furaha, wananiambia, "Mama, tulipanga vizuri."