Lenzi Ndefu Juu ya Mguu wa Suruali

Nimewaona watu wazima, wenye akili timamu na sala za asubuhi, wakichukua lenzi yenye urefu wa mkono wa mtu na kuitegemeza juu ya kitu ambacho mimi nisingekiamini hata kwa kuanikia soksi. Nawacheka bila hofu, kwa sababu mmoja wao nilikuwa mimi.

Lenzi yangu sikuinunua. Niliachiwa na mmisionari mmoja, muuguzi, aliyefanya kazi Kibondo wakati mimi nikifundisha huko. Siku za mapumziko alikuwa akienda kupiga picha za ndege kwenye mabwawa, nami nikimbebea chupa ya chai. Alipozeeka na kurudi kwao alinikabidhi kamera na lenzi vikiwa vimeviringishwa kwenye taulo. Nilimshukuru Mungu, na mpaka leo namshukuru. Lakini stendi yake aliondoka nayo, na sikumwuliza ilikuwaje. Nilidhani stendi ni stendi.

Kwa asiyejua, lenzi ndefu humvuta ndege aliye ng'ambo ya bonde akawa kama amesimama mlangoni kwako. Ila haimvuti ndege peke yake. Huvuta pia kila mtetemo: upepo, pumzi yako, hata kidole kinachobonyeza kitufe. Mkono hauwezi kuituliza, na mkono wa mzee ndiyo kabisa. Inataka mahali pa kukaa. Kuchagua mahali hapo ndiyo kazi yenyewe. Kubonyeza kitufe hata mbuzi anaweza.

Nilipostaafu nilirudi kijijini kwetu, upande wa Kasulu unaoelekea Muyama. Chini ya shamba langu kuna bonde lenye mafunjo, na humo huatamia korongo wenye taji, ambao kwa Kiha tunawaita imisambi. Mwaka jana serikali ya kijiji ilikusudia kuchimba mfereji katikati ya bonde ili watu wapande mboga kiangazi. Siwalaumu, watu lazima wale. Niliomba jambo moja tu: wachimbaji waanzie upande wa chini, kusudi mayai yaanguliwe kwanza. Mwenyekiti wa kijiji akajibu mbele ya mkutano kwamba korongo walihama zamani.

"Mwalimu, hao ndege unawaona wewe peke yako," alisema. "Haya, tuletee picha. Tunakutana tena Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Ukiwa na picha tunaanzia chini. Usipokuwa nayo, majembe yanaingia katikati."

Basi nikaenda Kasulu mjini, kwenye duka moja la simu ambalo mwenyewe hupiga pia picha za harusi. Ni mtu mstaarabu, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Ujiji. Alinipa kiti na chai kabla hajaniuliza shida yangu.

"Shikamoo mzee wangu. Stendi ninayo. Hii inabeba kila kitu."

"Marahaba. Inabeba na hii?" Nikafungua taulo.

Aliitazama lenzi kama mtu aliyeletewa bomba la kisima. "Inabeba, mzee. Ukiwa na nia."

Nia nilikuwa nayo. Kilichokosekana kilikuwa chuma. Ile stendi ilikuwa na miguu mitatu, na kila mguu ulichomoza mwingine mwembamba zaidi kutoka ndani yake, na huo mwingine tena, mpaka ule wa mwisho, ambao ndio uliotakiwa kubeba mzigo wote, ulikuwa mnene kama penseli. Kichwa chake kilikuwa cha plastiki. Mwenye duka akaifunga kamera juu ya kichwa kile, lenzi yote ikabaki inaning'inia mbele hewani. Lenzi yenyewe ilikuwa na pete yake katikati, na chini ya pete kijiguu cha kufungia ili uzito ugawanyike sawa mbele na nyuma. Tuliiona wote wawili. Tukakubaliana, kwa busara zetu, kwamba ni kishikio cha kubebea. Kisha akavuta juu nguzo ya katikati, stendi ikarefuka na kuyumba, nami nikafurahi. Kitu kirefu kinapendeza.

Asubuhi iliyofuata nilishuka bondeni. Korongo jike alikuwa juu ya kiota, dume amesimama kando. Nikaielekeza lenzi, nikakaza kila kilichokazika. Lenzi ikaanza kuinama polepole, kama mzee wa kanisa anayesinzia wakati wa mahubiri. Nikaiinua. Ikaitikia, ikainama tena. Upepo ulipopita, ndege aliruka ndani ya kioo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ilhali mwenyewe alikuwa ametulia kabisa. Nilibonyeza hivyo hivyo, nikimwachia Mungu kazi ya fundi chuma.

Nilipomwonyesha mwenyekiti kile kilichopatikana, tulikuwa kwa kinyozi, na watu hawakukosekana.

"Mwalimu, huyu ni ndege au mwavuli uliogeuzwa na upepo?"

"Mimi naona jogoo," alisema mtu aliyekuwa nusu amenyolewa. "Jogoo wa magendo, anakimbizwa kutoka mpakani Manyovu."

Wakacheka, nami nikacheka, maana uvumilivu ni pamoja na hilo. Lakini nilipanda mlima wa kwenda nyumbani nikiwa nimeiva kwa hasira. Wiki moja ilikuwa imekwisha.

Katikati ya wiki ya pili alifika kwenye nyumba ya wageni bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, akielekea Kibondo na kwenye mabwawa kupiga picha za wanyama. Huyu alikuwa na stendi ya kweli: miguu minene, myepesi, myeusi kama mkaa, na kichwa chenye mkono wa bembea unaoiacha lenzi nzito ielee na kugeuka kwa kidole kimoja. Yeye ndiye aliyenionyesha matumizi ya ile pete, na alinionyesha kama unavyomwonyesha mtu kijiko. Nilimwomba aje bondeni asubuhi moja. Alikubali, nikamshukuru.

Akaisimika stendi juu ya mbao ambazo wanawake wametandika kupita kwenye tope. Akainama kutazama kipovu cha maji kinachopima usawa, akarekebisha, akatazama tena. Mama mmoja akapita na beseni la mihogo kichwani, mbao zikacheza ngoma, kipovu kikakimbia.

"Wanapita mara nyingi?" aliniuliza.

"Wanapika kila siku."

Akaihamishia kwenye tope. Miguu ikazama mmoja mmoja, kila mmoja kwa kina chake. Akawa anarefusha huu, akifupisha ule, amesimama wima katikati ya bonde na kofia nyeupe. Dume wa korongo alimtazama kwa muda. Kisha jike akainuka juu ya mayai, wote wawili wakaondoka kwa hatua za taratibu, kama watu wazito wanaoacha sherehe mbaya.

"Stendi haina tatizo," alisema yule bwana, tope likiwa magotini. "Tatizo ni bonde."

Nimefundisha maisha yangu yote, na nimesikia sana kwamba tatizo ni mtihani. Aliondoka mchana ule kwenda Kibondo. Ndege, ashukuriwe Mungu, walirudi baada ya yeye kupanda gari.

Zilibaki siku mbili. Jioni nilimkuta mke wangu akichambua maharage uani. Alikuwa ameliweka beseni lake juu ya gunia lililojaa nusu, na kila alipoligusa, lilizama kidogo, likajipatia kitako chake, likatulia. Hakuna mguu, hakuna kichwa, hakuna kipovu. Nilisimama pale nikijiona mjinga wa kiwango cha juu.

Nikachukua suruali yangu kuukuu ya kaki, nikakata mguu mmoja, nikashona ncha moja na kujaza maharage. Hapo nikafanya kosa ambalo nadhani hufanywa na sisi tu wa huku. Mfuko kwetu huheshimiwa kwa kushindiliwa. Tunaujaza, tunaupigapiga chini, tunausukumia kwa mti, tunaongeza tena mpaka ufanye lumbesa na kusimama wenyewe kama askari. Mfuko uliolegea ni aibu, watu watadhani shamba lilikufa. Basi nikaushindilia kwa moyo wote, nikashona ncha ya pili.

Alfajiri yake lenzi ilibiringika juu ya mfuko ule kama chungu juu ya jiwe. Niliidaka kwa kifua. Picha pekee niliyorudi nayo ilikuwa ya mawingu.

Mke wangu aliubonyeza mfuko kwa kidole, kidole kikakataa kuingia.

"Baba, umeushindilia kama unampelekea mnunuzi wa Kigoma. Nani kakwambia lenzi inanunua maharage?"

"Sasa nifanyeje?"

"Fumua mshono. Toa. Toa tena. Mbona mkono mzito, unayahurumia? Yatapikwa." Akachota mwenyewe bakuli baada ya bakuli, mpaka mfuko ukalegea kama tumbo la mtu aliyefunga. Akaushona tena, akautupia juu ya kinu, akauponda katikati kwa ngumi. "Weka."

Niliiweka lenzi. Ikazama mpaka ubavuni na kunyamaza.

Ijumaa nilishuka kabla ya kina mama. Kando ya bonde kuna kichuguu cha zamani, kigumu, kimemea nyasi. Niliulaza mfuko juu yake, nami nikalala kifudifudi nyuma yake, mkono wa kushoto ukiikandamiza lenzi kwa juu. Magoti nimeyapiga tangu utotoni, lakini sikumbuki kama nimewahi kumwomba Mungu nikiwa nimelala kwa tumbo kwenye umande. Jua lilipogusa taji la jike, nilitoa pumzi na kubonyeza. Hakuna kilichotikisika.

Picha ilichapishwa Kasulu kwenye karatasi kubwa, na Jumamosi niliikabidhi mkutanoni. Mwenyekiti aliishika mbali, kisha karibu.

"Safari hii ni ndege," alikiri. "Lakini mwalimu, nani anajua kama ni bonde letu? Siku hizi vijana wanatoa picha mtandaoni, za Arusha huko."

"Hata za Ulaya," alidakia mtu nyuma.

Hoja alikuwa nayo. Maji na mafunjo yako kila mahali. Mama mmoja mjane, aliyekuja kulalamikia mbuzi wa jirani, aliomba aione. Wanawake wetu huroweka mihogo katika mashimo pembezoni mwa bonde, na kila mmoja huchomeka kijiti penye shimo lake na kukifunga kipande cha kitenge chake, ili asije mtu akaopoa mihogo isiyo yake. Yule mama aliisogeza karatasi puani.

"Hiki si kitambaa changu?"

Hatua chache kutoka kwenye kiota palikuwa na kijiti, na juu yake kitambaa chenye michoro ya majani mekundu. Ungeweza kuona hata pindo lililoshonwa kwa uzi wa buluu.

"Shimo hili nililiacha maji yalipopanda. Na uzi huo nilishona mwenyewe." Akamgeukia mwenyekiti. "Au unataka kusema mimi naroweka mihogo yangu Arusha?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kunicheka mimi safari hii. Mwenyekiti alisubiri kipoe, akapiga meza kwa kiganja. "Basi. Tunaanzia chini."

Walianzia chini kweli. Mfereji ulipofika usawa wa kiota, vifaranga wawili walikuwa wameshashuka na kuwafuata wazazi wao kwenye majani mafupi. Siku moja nilimkuta mwenyekiti pale ukingoni na wageni kutoka wilayani, akiwanyooshea kidole kile kiota kitupu.

"Hawa ndege," aliwaambia, "tangu mwanzo nilisema wasiguswe."

Nilimpa mkono, nikawasalimu wageni, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya vifaranga. Kumsahihisha mwenyekiti nilimwachia Yeye.