Mitufaha ya Mlimani na ya Bondeni

Mama Mkubwa alikuwa na kijicho, tusifichane. Mdogo wake akinunua pazia jipya tu, yeye chakula hakipiti. Basi bwana shamba akawaletea ndugu hawa miche ya mitufaha, yote imebebeshwa, yaani tawi la mtufaha limeunganishwa juu ya shina la aina moja, lenye kuufanya mti ubaki mfupi na uzae mapema. Alitaka kuona shina hilo litapenda wapi: mlimani kwa Mama Mkubwa, au bondeni kwa mdogo wake. Ambaye miti yake ingezaa vizuri ndiye angepewa kazi ya kuotesha miche ya wakulima wote.

Ya bondeni ikatangulia kurefuka kidogo. Mama Mkubwa alipoiona alirudi kwake amenuna, akachukua jembe, akairundikia miti yake udongo mpaka ukafunika lile kovu la kubebeshea, pale tawi lilipoungana na shina. Bwana shamba alikuwa amemkanya kwamba kovu likae nje. Lakini mwenye wivu anasikia la mtu?

Miaka miwili mitatu, miti yake ikafumuka, ikapita paa. Mdogo wake akipanda kumsalimia, anaizunguka akiguna.

"Dada, unailisha nini?"

"Mkono tu, mdogo wangu. Watu hatukujaliwa sawa."

Msimu wa matunda ukafika. Ya bondeni, mifupi vilevile, ikajaa matufaha. Ya mlimani ilikuwa majani matupu. Bwana shamba akapiga magoti, akafukua.

"Mama, tawi la juu limefukiwa, likaota mizizi yake lenyewe. Shina nililokupa halina kazi tena hapa, ndiyo maana miti imekimbilia urefu ikaacha kuzaa. Siwezi kulinganisha miti hii na ya mwenzako."

Kazi ikaenda bondeni.

Mama Mkubwa akateremka kumpongeza mdogo wake, maana asingeenda watu wangesema. Akamkuta na jembe, jasho linamtoka, kila mtufaha umerundikiwa udongo hadi juu ya kovu.

"Usinicheke, dada. Yako ilivyorefuka, roho iliniuma. Nikachungulia ulivyofanya. Matunda ninayo, nataka na kimo. Nimeanza leo asubuhi."

Moyo wa Mama Mkubwa uliruka kwa furaha, tusimsingizie wema. Kunyamaza tu kungetosha. Miaka michache, na bondeni nako kungekuwa majani matupu. Akamtazama mdogo wake, viganja vimetoka malengelenge, anangoja kusifiwa na dada yake.

"Lete jembe," akasema.

"Nimekosea?"

"Nilikosea mimi, wewe ukaniiga. Anza kufukua mstari ule."

Wakafukua. Kila tufaha lililomgusa Mama Mkubwa shavuni lilimuuma rohoni, naye akahamia mti unaofuata.