Nyati wa Bahiya

Inshirahi jirani yangu ana binti mmoja tu, Bahiya. Alimwozesha, akamsindikiza mpaka uwanja wa ndege aende Kuwait kwa mumewe, akarudi kijijini kwetu kando ya mfereji, akabeba ndoo kwenda kukamua nyati wao, maana kwetu nyati hufugwa kama ng'ombe. Loo! Nyati akakataa kutoa maziwa.

Nyati yule alikuwa wa Bahiya. Mama wa nyati huyo alikufa akimzaa, Bahiya akamlea kwa chupa, na tangu aanze kuzaa hakuna mkono mwingine uliowahi kumgusa chuchu. Na nyati wa kufugwa si ng'ombe, jamani. Asipokutaka anayabana maziwa huko juu, uvute mpaka vidole vife ganzi. Inshirahi alimwacha ndama anyonye kwanza, povu likamjaa ndama mdomoni. Alipomwondoa tu, nyati akabana.

"Tumbo hilo," akasema mume wa Inshirahi, Abdeltawabu. "Umemlisha majani ya barsimu yenye umande, kajaa gesi."

"Gesi unayo wewe!" nikamwambia. Nilikuwa nimeshambonyeza nyati ubavu wa kushoto, tumbo halikuvimba, na mwenyewe kalala anacheua kwa raha zake.

"Basi akikauka anakwenda bucha. Mimi sifugi pambo."

Uso wa Inshirahi ukasawijika. Akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la kazi la Bahiya, la maua, linambana kila mahali, halijafuliwa tangu binti aondoke. Akachuchumaa, akaita kwa sauti nyembamba ya mwanawe: "Njoo bibi harusi wangu, njoo." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nyati akamnusa bega, akamnusa kwapa, kisha maziwa yakashuka, shwaa! Kicheko kikaniishia palepale.

Basi ikawa ndiyo kawaida, asubuhi na alasiri. Nikamwambia, "Shoga, lifue hilo gauni, unanuka!"

"Thubutu! Harufu yake ikitoka nitabaki na nini?"

Nyumba nzima ilikuwa imeshazoea Bahiya hayupo; Abdeltawabu hata jina halitaji. Pale zizini tu ndipo Inshirahi alipokuwa na mwenzake wa kumngoja mtoto. Alikuwa akimaliza kukamua haondoki, anakaa anamkuna nyati shingo, anamweleza Bahiya kasema nini kwenye simu.

Barsimu ikaisha mashambani, joto likaingia. Gauni likachanika mgongo mzima, halishoneki. Asubuhi hiyo Inshirahi akaingia zizini na nguo yake nyeusi, Abdeltawabu kasimama mlangoni kakunja uso. Maskini, hata kuigiza alisahau. Alisema tu kwa sauti yake nzito, "Haya mama, tusaidie."

Nyati hakugeuka kumnusa. Aliendelea kucheua, na maziwa yakamiminika ndooni.

"Alhamdulillahi!" Abdeltawabu akapiga makofi. "Si nilikwambia atazoea?"

Mwongo mkubwa, hakuwahi kusema hivyo! Nilitaka kumpa lake, nikamwona Inshirahi. Alikuwa ameegemeza paji la uso ubavuni mwa nyati, anakamua huku analia, mabega yanamruka.

"Na wewe umeshamsahau," alimwambia nyati. "Nimebaki peke yangu."