Kuku wa Kikosi cha Mabomu

Habari zilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa kwa kinyozi hapa Malindi: yule sajini mstaafu aliyekuwa akitegua mabomu amefariki kwake Kilifi, kitandani, mkewe akimchemshia uji. Wasomaji wangu wa siku zote mtanisamehe nikikiri kwamba nilicheka kidogo kabla ya machozi kunitoka. Mtu aliyeishi na vyuma vya kumfuta duniani kwa kufumba na kufumbua, amekufa akingojea uji! Kinyozi akaniuliza, "Si yule wa kikosi cha kuku?" Naam, ndiye. Na kwa kuwa nusu ya mji huu hukicheka kikosi kile kwa kuchora kuku kwenye lori lake, wakati wenzao huchora simba na chui, leo acha nieleze kuku yule alitoka wapi.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa karani katika ofisi ya chifu, upande wa Ngomeni. Mama mmoja mjane wa Kigiriama alikuwa na chuma jikoni mwake, urefu wa mkono, ambacho marehemu mumewe alikichimbua akipanda mihogo. Kwa miaka mingi chuma hicho kilikuwa na kazi moja tu: kuegemezwa kwenye tenga la kuku anayeatamia, nguchiro asije akalipindua na kula mayai. Siku moja akaja mnunuzi wa kuku aliyewahi kuwa askari, akakitupia jicho, akatoka mbio bila kuku. Lilikuwa bomu la vita vya wazungu. Kesho yake kikosi kikafika. Sajini, mtu wa bara asiyepoteza maneno, hakumsalimia mtu. Alihesabu hatua mia mbili kutoka jikoni, akatusukuma sote nyuma ya mstari huo, kisha akanigeukia. "Karani, huyu mama ni wako. Asirudi kule hata nyumba ikiungua."

Mama hakuwa na habari na bomu. Alikuwa na wasiwasi wa jambo jingine. "Mwanangu, mwambie huyo afande kuku wangu asiguswe. Bado siku tatu aangue. Kuku akishalalia mayai hatolewi na mkono wa mgeni. Atampigania huyo!" Nikamfikishia sajini neno kwa neno. Akafunga mkoba wake wa vifaa na kusema, "Mimi nimekuja kwa bomu, karani." Akaingia peke yake.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa baadaye na sajini na mama wenyewe. Sajini alimnyanyua kuku na kumweka kando, kama angehamisha sufuria. Kuku akapiga ukelele, akamrukia kifuani. Tenga likapinduka, chuma kikabingirika kuelekea mafigani, sajini akakidaka kwa viganja viwili, kichwa cha bomu kikiwa kimebakisha upana wa kidole kugonga jiwe. Hapo akakwama. Kutu ilikuwa ikimomonyoka mikononi mwake, na ndani ya chuma alisikia kitu kikicheza. Hakuweza kukiweka chini wala kukiachia mkono mmoja, na kuku alikuwa amerudi kutafuta mayai yake, akimparamia mikono na kumdonoa. Tulisikia sauti yake: "Asisogee mtu!" Halafu, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa: "Huyu kuku ataniua."

Mama akafunga leso yake kiunoni, ya pili akaichukua mkononi, akaenda. Mlangoni kwake mwenyewe alipiga hodi.

"Toka, mama! Tutakufa wote!"

"Nikitoka ataruka tena. Wewe shika chako, mimi nishike wangu."

Akamchukua kuku taratibu, akayakusanya mayai, akamlaza juu yake na kumfunika leso, maana kuku akiwa gizani hutulia. Kisha akaketi chini, bega kwa bega na sajini, akiwa ameishika ile leso. Sajini akaegemeza bomu kwenye paja, akapata mkono mmoja wa kufanyia kazi. Karibu saa nzima. Jasho lilimwingia machoni, akaanza kufanya haraka. Mama akamuuliza, "Mamako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi tulia, umalize umwone."

Walipotoka, sajini akiwa na kile kichwa cha bomu kitambaani, alimgeukia mama, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mama."

Mayai yalianguliwa, isipokuwa mawili. Kifaranga mmoja alipokua, mama alimpeleka kambini kwa mikono yake, askari wakamwita Koplo, na picha yake ikapanda kwenye lori. Niliwahi kumwambia sajini kwamba amempa kuku heshima kubwa kwa ushujaa wake. Akakunja uso. "Ushujaa gani? Pale nimechora kosa langu, karani, nilione kila asubuhi nikipanda lori. Mwenye nyumba alinionya, nami sikumsikia." Tangu siku ile, kila askari mpya wake alifundishwa kwanza kuketi na mwenye nyumba na kuuliza kisichoguswa humo ndani, ndipo akitazame chuma.

Nimemuwaza sana wiki hii. Tumejaa mijini na maofisini watu wa kutundika vyeti na picha za ushindi ukutani. Anayetundika kosa lake mahali watu wote watalicheka, mimi nimemjua mmoja tu. Aliishi kwa kosa hilo, na vijana wake wakarudi makwao wazima. Basi nami nitoe langu. Miaka yote nimesimulia kisa hiki barazani nikisema mama alinichomoka mkononi. Sajini aliwahi kunisikia, akainama akanywa kahawa yake. Mama hakunichomoka. Sajini alipopiga kelele asisogee mtu, mimi nilikimbia, na yule mama alipoondoka kwenda kwake hapakuwa na mtu wa kumshika.